Imejaribiwa na Mahat Daud Bulle

Mtaani kwetu Garissa mume wangu aliitwa Jiingad, yaani mabati. Sisi Wasomali hatuoni haya kumpa mtu jina la kilema chake au la tabia yake. Yuko mzee sokoni anayeitwa Langaare, mchechemeaji, hata na wajukuu wake, naye huitika. Mume wangu alipata lake kwa sababu kila jua lilipofika utosini, saa ambayo watu wamejificha ndani, yeye alipanda ngazi akaketi juu ya paa la stoo yetu, mwavuli mkononi, kando ya sanduku la chuma.

Jina lake la haki lilikuwa Mahat Daud Bulle. Daud ni baba yake, Bulle ni babu yake. Kila alipoliandika alikuwa ameweka watu watatu chini ya neno lake, na wawili kati yao walikuwa kaburini. Naandika habari zake kwa sababu jina hilo limo mahali pasipofutika, na sehemu ya ushahidi uliowekwa juu yake hakuitoa yeye. Nataka watoto wetu, na yeyote atakayelikuta, wajue lipi ni lake na lipi si lake.

Alizaliwa nje kidogo ya Habaswein, katika nyumba ya ngamia na ng'ombe. Baba yake alikuwa mtu wa visima. Wakati wa kiangazi yeye ndiye aliyepanga zamu za kunywesha, mifugo ya nani itangulie na ya nani ingoje, na hakuna aliyembishia, kwa sababu mifugo yake mwenyewe ilikunywa mwisho. Mahat alisoma shule ya bweni, akaenda Nairobi kujifunza ufundi wa elektroniki, akarudi. Wenzake wengi walibaki huko. Alipoleta posa nyumbani kwetu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana, na mzee Mursal, baba yangu, hakuwa mtu wa kutoa binti kwa haraka. Aliuliza jambo moja tu: "Neno lake likoje?" Wakamwambia ni mtoto wa Daud wa visima. Mazungumzo yakaishia hapo, wakaanza kunywa chai.

Alifungua duka la kutengeneza redio, simu na kompyuta, na tungeishi hivyo bila sifa wala aibu, kama si pampu za sola. Zilipoletwa katika visima vya huku kwetu, kila pampu ilikuja na sanduku la chuma, na ndani ya sanduku mlikuwa na bodi ndogo isiyozidi kiganja. Ni kompyuta kamili. Ndiyo inayowasha pampu, ndiyo inayoizima tangi likijaa. Kiangazi cha kwanza bodi hizo zilianza kuzimika saa ya adhuhuri, saa ile ile ambayo wanyama wamefika kisimani ndimi nje. Walioziuza walisema ni vumbi. Mahat alifungua moja, akafungua ya pili, akaniambia, "Hakuna vumbi humu. Kitu hiki kinaogopa."

Nieleze kidogo, kwa anayesoma asiyejua mambo haya. Mimi pia sikuyajua. Ndani ya kila kompyuta kuna programu iliyo chini ya nyingine zote, inayosema na chuma chenyewe: inapima joto, inagawa kazi, inaamua nini kizimwe. Mafundi huiita kerneli. Mimi nitasema kiini. Kiini kilichokuwa katika bodi zile si mali ya kampuni. Kimeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, hadharani, na mtu yeyote ana ruhusa kukisoma na kupendekeza badiliko. Mahat alikisoma miezi mingi, jioni baada ya kufunga duka, mpaka akafika mahali penye kosa. Sehemu ya kupima joto ilikuwa na hesabu iliyovurugika joto likipita kiwango fulani. Kiini kilidhani bodi inaungua, kikaizima kuiokoa. Walioiandika hawakuwa na siku ya joto kama hilo. Walipoijaribu kwao ilikwenda vizuri.

Aliwaandikia. Wakamwuliza aliyaonaje aliyoyasema, naye akalifunga sanduku kama lilivyo kisimani, akalipandisha juu ya bati, akawatumia alichokiona. Wakarekebisha, wakamwomba ajaribu tena. Akajaribu tena. Tangu hapo kila kiini kipya kilipokaribia kutolewa walikileta kwa wajaribu, na Mahat alikuwa mmoja wao, miaka mingi, bila malipo. Alisema maji ya kisima hayaulizi nani amelipwa.

Katika kazi hiyo, chini ya kila badiliko huandikwa majina. Nani ameliandika, nani amelipitia, nani amelijaribu. Jambo likiharibika, watu huenda kwenye majina hayo kwanza. Mahat hakuandika badiliko kubwa hata moja. Alichokuwa nacho ni mstari mmoja: Imejaribiwa na Mahat Daud Bulle. Aliuhesabu kuwa ushahidi, na ushahidi kwetu una sharti: uwe umeona kwa macho yako, ama sivyo unyamaze. Kwa hiyo aliketi juu ya bati tangu adhuhuri mpaka alasiri, kompyuta mapajani. Akiitwa chini kwa jambo lolote, hata mgeni, jaribio la siku hiyo lilikuwa limevunjika, na alianza upya kesho yake.

Jirani yetu Qali, anayeuza maziwa ya ngamia, hakumwacha apumue.

"Jiingad! Hiyo nyama yako ya nyirinyiri haijakauka tu?"

"Bado, Qali. Nikishuka italiwa na kunguru."

"Mwalimu," akanigeukia mimi, "bwana wako anaanika kompyuta pamoja na nafsi yake. Shauri yako. Siku moja utakuta mafuta tu juu ya bati."

"Wewe Qali," Mahat akasema kutoka juu, "maziwa yako huyaonja kabla ya kuuza, ama huangalia mtungi tu?"

"Naonja kila mtungi, wallahi!"

"Basi niache nionje."

Qali alicheka hadi akaketi chini. Lakini alipokuwa na wateja wageni nilimsikia akiwaonyesha paa letu na kuwaambia kwamba yule pale juu ndiye anayezuia pampu za dunia zisife. Alizidisha. Sikumsahihisha.

Kisha figo zake zikaanza kushindwa. Kila wiki tulikwenda hospitalini asafishwe damu, na kila mara alirudi amepungua, uso wa rangi ya jivu. Daktari alimkataza jua, akamkataza na ngazi. Ndipo Abdiwali, mdogo wake, alipoanza kuja. Abdiwali ni dalali wa mifugo. Aliacha shule mapema akafuata ngamia, lakini mikono yake ni myepesi na hujifunza kwa kutazama. Mahat alimfundisha kuingiza kiini kipya katika bodi, kuipa kazi nzito, kufunga sanduku, kuketi. Yeye mwenyewe alilala chumbani akisikiliza nyayo juu ya stoo. Alasiri ikifika Abdiwali alishuka na kumweleza alichoona.

"Andika jina lako," Mahat alimwambia. "Wewe ndiye uliyeketi."

"Jina langu nani analijua huko? Wataniuliza mimi ni nani, niwaambie nauza mbuzi?"

"Waambie unauza mbuzi. Uliyeona ni wewe."

"Walaal, ndugu yangu, wanakujua wewe. Andika lako. Mimi ni jicho lako tu."

Walibishana hivyo kila mara, na kila mara aliyekuwa mgonjwa alichoka kwanza, akaandika lake.

Mwaka huo wenyewe ile sehemu ya joto iliandikwa upya yote, tangu msingi. Mahat alikuwa ameliomba jambo hilo miaka mingi. Msimamizi wa sehemu hiyo, mtu wa ng'ambo ambaye hatukuwahi kumwona, aliandika hadharani kwamba badiliko hilo halitaingia mpaka Garissa ione. Mahat alinisomea maneno hayo akiwa kitandani hospitalini, mpira wa damu mkononi. "Umesikia, Idil? Mpaka Garissa ione." Wauguzi waligeuka kuangalia ni mgonjwa gani anayecheka katika chumba kile. Badiliko likajaribiwa, likaonekana zima, jina lake likawekwa chini yake. Hilo ndilo jambo la mwisho lililompa furaha. Alifariki mvua za masika zilipoanza, tukamzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Nilikaa eda kwa nguo nyeupe, kama wajane wetu wanavyokaa. Abdiwali alipita kila asubuhi, akaacha maziwa na sukari mlangoni, akawaulizia watoto, akaenda. Wazee wakaanza kunong'ona habari ya dumaal. Kwetu ndugu wa marehemu huketi mahali pake, humwoa mjane na kulea watoto, ili nyumba isivunjike. Niliwatumia jibu la heshima kwamba hapana. Nadhani Abdiwali mwenyewe alimshukuru Mungu. Ana mke mwema na mkali. Lakini desturi haimtoki mtu kichwani kwa sababu mwanamke amekataa fungu moja la hiyo desturi. Abdiwali alichukua mafungu mengine yote. Aliwalipia watoto nauli ya shule, alikagua ua, alisimama mbele ya wageni. Na saa ya adhuhuri nilisikia nyayo juu ya bati la stoo. Nilidhani anaitunza mitambo isiharibike, na sauti ile ilinituliza moyo.

Kiangazi kilichofuata alikuja Ruqiya. Nilimfundisha Kiswahili shuleni, na Mahat, ambaye alimwita adeer, yaani ami, alimfundisha kazi ya bodi. Sasa ni fundi wa chama cha watumiaji wa visima, mtu wa barabarani siku zote kati ya Habaswein na Balambala. Aliketi kwenye mkeka na hakuigusa chai.

"Mwalimu, samahani. Kuna kisima upande wa Balambala, pampu yake imeungua."

"Pole sana. Mnahitaji vifaa vya Mahat?"

"Hapana, Mwalimu. Bodi ilikuwa ikijizima saa ya jua kali, ikijiwasha, ikijizima tena, kutwa nzima. Pampu haikustahimili. Ni ule ugonjwa wa zamani. Ule alioutibu adeer Mahat. Kuna badiliko jipya limeurudisha. Nimelifuatilia mpaka nikalipata."

"Basi mwandikie aliyelileta."

"Chini yake kuna jina la adeer."

"Mahat alijaribu mengi, Ruqiya."

"Badiliko ni la mwezi wa kwanza, Mwalimu. Mwaka huu."

Alinigeuzia simu. Mlikuwa na ule mstari, na juu yake maneno kama alivyokuwa akiyaandika yeye: ndani ya sanduku, juani, adhuhuri mpaka alasiri, hakuna tatizo. Chini zaidi, msimamizi alikuwa amemwuliza kwa upole, Mahat, tunapata malalamiko kutoka sehemu zenye joto, unaweza kutueleza ulichoona? Hakuna aliyejibu. Kisha, baada ya siku kadhaa: mpaka tutakaposikia kutoka kwake, ni bora tusitegemee majaribio yake.

Ruqiya alinieleza habari za kisima kwa sauti ya chini. Watu walihamisha ngamia hadi mtoni Tana. Mbuzi wengi hawakufika. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba wachungaji wamesikia jina, kwa sababu fundi mwenzake amelitaja mbele yao, na wanauliza vipi mtoto wa Daud wa visima aseme maji yapo na maji hayapo.

Abdiwali alipotoka sokoni, vumbi la mnada likiwa bado katika nyusi zake, nilimwekea simu mbele.

"Nani ameandika hili?"

"Mimi." Hakusita hata kidogo.

"Kwa jina la mtu aliyekufa."

"Kwa jina la kaka yangu, Mama Zamzam." Zamzam ni binti yangu wa kwanza, familia nzima huniita hivyo. "Walikuwa wanaendelea kuleta kazi. Mahat, umeona? Mahat, umeona? Ningewajibu nini, kwamba nyumba imefungwa? Jina la mtu halizimwi kama taa. Mimi ndiye niliyebaki mahali pake."

"Ulikuwa ukiketi?"

"Niliketi. Wallahi niliketi, kama alivyonifundisha."

"Na siku hii?"

Alitazama mikono yake. "Ilikuwa siku ya mnada. Niliiwasha, nikaona inakwenda, nikasema nifike sokoni mara moja. Niliporudi ilikuwa kabla ya alasiri. Taa ya kijani inawaka, kazi inaendelea. Nikaandika."

"Taa ya kijani."

"Sikujua inaweza kufa na kufufuka mimi sipo."

Akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Na usiniambie nimeiba. Theluthi mbili ya jina hilo ni yangu. Daud ni baba yangu. Bulle ni babu yangu. Sikulichukua kwa jirani."

"Ni kweli," nilimwambia. "Lakini theluthi ya kwanza ndiyo waliyokuwa wakiiamini."

Alivaa viatu akatoka bila kuaga. Kesho yake alimleta mzee Olow, ami yao, ili nishauriwe. Olow ni mtu mwenye maneno mazuri na hakuja kunitisha. Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Mwalimu, nyamaza," alisema. "Watu hao hawajui Garissa iko upande gani wa dunia. Wakisema Mahat alikosea, kwani nani hakosei? Marehemu haendi sokoni. Huyu anaenda kila siku, na dalali hana duka, hana mzigo, ana mdomo tu. Ukitangaza kwamba ameshuhudia kwa jina la maiti, nani atamkabidhi ngamia wake?"

"Na Mahat, ami?"

"Mahat yuko kwa Mola wake, naye anajua."

"Mola anajua. Wale wenye pampu hawajui."

"Mwanangu, sikiliza. Wewe jina hilo hulibebi."

Alisema kweli. Mwanamke wa kwetu haachi jina la baba yake kwa ajili ya mume. Mimi ni Idil Mursal, na nitazikwa Idil Mursal.

"Silibebi," nilimjibu. "Wanalibeba watoto wangu. Zamzam Mahat Daud. Akienda mahali akaulizwa baba yake ni yule, aseme nini?"

Olow alimtazama Abdiwali, Abdiwali akatazama mkeka. Kikao kikaisha bila dua, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwangu.

Niliwaandikia wenye mradi siku hiyo hiyo. Niliwaambia mume wangu amefariki tangu masika ya mwaka jana; kwamba yaliyowafikia baadaye kwa jina lake hayakutoka kwake; kwamba aliyeyatuma ni mtu wa familia ambaye hakukusudia ubaya. Nikaomba jina la Mahat liondolewe katika kila kitu kilichoandikwa baada ya kifo chake.

Jibu la msimamizi lilianza kwa rambirambi ndefu, na hazikuwa za desturi tu. Alitaja makosa ya zamani ambayo Mahat aliyaona, moja moja. Kisha akasema jina haliwezi kuondolewa. Historia ya kiini hairekebishwi. Kila ingizo limefungwa na lililotangulia, ukigusa moja yote yanayofuata yanavunjika, na nakala ziko kwa watu dunia nzima. Wanaloweza ni kuongeza tangazo juu yake, lisomwe na yeyote atakayetafuta. Ili waliandike wanahitaji jambo moja kutoka kwangu: tangu siku gani majaribio yenye jina la Mahat yasihesabiwe kuwa aliyaona mwenyewe?

Nilianza kuandika tarehe ya kifo. Nikaacha. Swali halikuwa alikufa lini. Swali lilikuwa aliona mwisho lini, na katika miezi ya ugonjwa hakuwa yeye aliyeketi juani. Tarehe ya kweli ilikuwa siku ile daktari alipomkataza ngazi. Na kati ya siku hiyo na kifo chake lilikuwamo lile badiliko kubwa.

Nikamwita Abdiwali. Alikuja, akasimama mlangoni.

"Lile badiliko la sehemu yote ya joto. Nani aliketi?"

Aligeuka akatazama paa la stoo.

"Yeye."

"Alikuwa hawezi kupanda."

"Nilimpandisha. Wewe ulikuwa shuleni. Nilimfunga mgongoni kwa shuka kama mtoto, nikapanda naye ngazi. Alikuwa mwepesi, Mama Zamzam. Mwepesi kuliko mbuzi wa kiangazi. Akaketi mpaka alasiri, mimi nimemshikia mwavuli. Hakuniruhusu hata nimfute jasho, alisema namziba asione. Tulipoteremka alitapika, akaniambia, mwalimu asijue, atatugombeza sote wawili."

Nilimwamini. Namwamini mpaka leo, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kubuni uzito wa ndugu yake. Lakini shahidi wa siku hiyo alikuwa mmoja tu, naye ni yule yule ambaye ushahidi wake ulikuwa umeanguka mbele ya watu wote. Ningeandika nini? Kwamba yote yatupwe ila hilo, na anayesema hilo libaki ndiye aliyetia saini kwa jina la maiti? Wangeuliza kwa nini hilo na si mengine, na wangekuwa na haki ya kuuliza, kwa maana kuna watu wanaokunywa maji kwa neno hilo. Mahat hakuwahi kupokea ushahidi wa namna hiyo kutoka kwa mtu yeyote. Asingeupokea hata kutoka kwangu.

"Nimeelewa unachofanya," Abdiwali alisema. "Unawapa siku ya ngazi. Unalikata na lile."

"Nalikata."

Akaja akaketi mkekani, akaniomba nimsomee ninachoandika, kwa Kisomali. Nikamsomea. Tulipofika kwenye maneno "mtu wa familia" akaniinulia mkono.

"Huyo ni nani?"

"Inatosha hivyo."

"Familia hii ina watu wengi. Kesho watawashuku watoto. Andika jina."

"Abdiwali, halifutiki. Umesikia walivyosema."

"Nimesikia. Andika Abdiwali Daud Bulle."

Niliandika. Yeye ndiye aliyebonyeza kutuma. Kisha akaenda kuswali.

Badiliko bovu liliondolewa, na Ruqiya akafunga pampu mpya upande wa Balambala kabla ya mvua. Olow hajaketi tena sebuleni kwangu, hutuma salamu. Abdiwali alipoteza wenye ngamia wakubwa, kama alivyoonywa, na siku hizi anauza mbuzi tu, ingawa kwangu na kwa watoto hajapunguza kitu. Hapandi tena juu ya stoo. Mitambo yote ameichukua Ruqiya, na ngazi tuliigawa.

Tangazo limewekwa. Anayetafuta jina la mume wangu atalikuta limeshuhudia mambo mengi kwa miaka mingi, kisha atakuta mstari unaosema kuanzia hapa msiyahesabu. Lile badiliko kubwa lilijaribiwa upya na watu wa nchi nyingine yenye jua, likakutwa zima, na majina yao ndiyo yanayotajwa sasa. Msimamizi aliniandikia kunijulisha, kwa wema. Nilimsomea Abdiwali barua hiyo alipoleta maziwa asubuhi. Aliuliza kama watu hao waliketi kando ya sanduku mpaka alasiri.

Nikamwambia hawakusema.